Je, mashine ya muziki ya nyumbani yahitaji priamp ya peke yake? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Swali hili hunijia kwa sura nyingi. Kuna aliyerithi pawa ampu ya babu yake isiyo na kifungo hata kimoja mbele. Kuna aliyeletewa mashine kutoka Japani na hajui aanzie wapi. Na kuna kijana wa Kisauni aliyeambiwa dukani kwamba amplifaya yake "haijakamilika" mpaka anunue sanduku la pili. Akadunduliza miezi kadhaa, akalinunua, na sauti ikabaki ile ile. Huyo ndiye aliyenifanya niandike haya.

Priamp ni kitu gani hasa?

Ni sehemu ya mashine inayokaa kati ya chanzo cha sauti (simu, CD, deki ya kaseti, santuri) na pawa ampu, ile yenye nguvu za kusukuma spika. Inachagua chanzo kipi kisikike, inapandisha na kushusha sauti, inaikuza ishara iliyo dhaifu mno, kisha inaikabidhi kwa pawa ampu bila kupungukiwa njiani. Besi, trebo na balansi ni nyongeza juu ya hayo.

Nimesema ni sehemu. Si lazima iwe sanduku lake lenyewe, na hapo ndipo wengi wanapouziwa wasichohitaji.

Amplifaya yangu ina volyumu, na ina kifungo cha kuchagua CD, AUX na TAPE. Ninunue priamp?

Hapana. Unayo tayari, imo ndani ya sanduku hilo hilo.

Ukiongeza nyingine na kuichomeka kwenye AUX, utakuwa unaipitisha sauti kwenye volyumu mbili na saketi mbili za kazi ile ile. Kila saketi ina mvumo wake na kelele zake ndogo. Utakuwa umelipa pesa kuziongeza.

Nyuma ya amplifaya yangu ya zamani kuna vyuma viwili vidogo vyenye umbo la U, vimeandikwa PRE OUT na MAIN IN. Ni vya nini?

Hapo ndipo priamp inapoishia na pawa ampu inapoanzia, ndani ya sanduku moja. Watengenezaji wa miaka ya 1970 na 1980 walipenda kuacha njia hiyo wazi. NAD 3020 iliyotoka mwaka 1978, mashine ya wati 20 tu ambayo watu bado wanaitafuta hadi leo, inayo. Ukivichomoa vyuma hivyo unaweza kutumia priamp yake na pawa ampu nyingine, au kinyume chake. Ukivichomoa bila kuunganisha kitu chochote, mashine inakuwa bubu.

Naomba uvitazame vizuri kabla hujafikiria kununua kitu. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi. Mtu wa Nyali au Likoni, mwenye dirisha linalotazama bahari, atakuta vyuma vyake vimepiga weusi au ukungu wa kijani ndani ya miaka michache. Ndipo upande mmoja wa sauti unapopotea na kurudi, au muziki unasikika kama umefunikwa blanketi. Mwenye mashine anaambiwa priamp imekufa. Haijafa! Zima mashine, chomoa plagi ukutani, chomoa vyuma, visugue kwa kitambaa chenye spiriti mpaka ving'ae, safisha na matundu yenyewe, kisha virudishe kwa kuvizungusha kidogo ili vishike. Nimeona mashine nyingi "zilizokufa" zikiamka kwa kazi hiyo ya dakika kumi.

Volyumu yangu ikizungushwa inakwaruza. Hiyo si dalili ya priamp mbaya?

Ni dalili ya volyumu chafu. Ndani yake kuna mkanda wa kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake, na vumbi pamoja na unyevu wa pwani huingia katikati. Fundi ataifungua, ataipulizia dawa ya kusafisha viungo vya umeme, ile isiyoharibu plastiki, na ataizungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Kifungo cha kuchagua chanzo nacho kipuliziwe, maana kinaumwa ugonjwa huo huo. Usikubali ipakwe mafuta ya kupikia wala ya cherehani: yatatuliza kelele wiki mbili, halafu yatanasa vumbi zaidi.

Ikiendelea kukwaruza baada ya usafi wa kweli, huenda ni kapasita inayovujisha umeme wa moja kwa moja hadi kwenye volyumu. Hiyo ni kazi ya lehemu, na bado ni nafuu kuliko kununua mashine nyingine.

Nitajuaje kama nilichonacho ni pawa ampu tupu?

Itazame mbele. Haina pa kuchagua chanzo, na pengine haina kitu ila swichi na taa. Nyuma ina jozi moja ya matundu ya kuingizia na vishikio vya waya za spika. Quad 303 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1967, ni mfano mzuri: ilitengenezwa ifanye kazi pamoja na priamp yake, Quad 33. Ukiipata moja bila mwenzake, hapo swali la priamp ni swali la haki.

Basi kwa nini nisichomeke simu au DAC (kisanduku kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa ishara ya umeme) moja kwa moja kwenye pawa ampu?

Unaweza. Inafanya kazi, na mara nyingi inafanya kazi vizuri sana. Hebu tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kwenye ukurasa huu.

Pawa ampu ya wati 60 kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hutoa volti kama 22 ikiwa imefika mwisho wa nguvu zake. Pawa ampu nyingi za nyumbani hukuza ishara kama mara 28. Kwa hivyo kuifikisha mwisho kunahitaji volti 0.8 hivi kwenye mlango wake. CD ya kawaida na DAC nyingi hutoa volti 2. Umeona? Chanzo chako tayari kina nguvu mara mbili na nusu ya zinazohitajika. Hakuna kinachohitaji kukuzwa.

Tena nyumbani husikilizi kwa wati 60. Ukikaa sebuleni jioni, wati moja kwa spika ya kawaida inatosha kukufanya upaze sauti ukitaka kuzungumza na mwenzio. Wati moja ni kama volti 2.8 kwenye spika, yaani volti 0.1 mlangoni mwa pawa ampu. Zile volti 2 za CD inabidi zipunguzwe mara ishirini. Kazi kubwa ya priamp katika nyumba ya leo, basi, ni kupunguza. Watu huinunua wakidhani wanaongeza nguvu.

Simu hutoa kidogo, kati ya nusu volti na volti moja, na hata hiyo inatosha kabisa.

Sasa hatari. Ukiunganisha moja kwa moja, kinachokulinda ni volyumu ya programu peke yake. Mimi nilisikiliza hivyo kwa muda, nikifurahi, mpaka usiku mmoja kompyuta ilipojisasisha na kurudisha volyumu yake kwenye asilimia 100. Asubuhi niligusa kitufe cha kucheza, na twita ya kushoto, ile spika ndogo ya trebo, ikaungua papo hapo. Tangu siku hiyo simruhusu mtu aunganishe hivi bila kifungo cha volyumu cha kushikwa kwa mkono mahali fulani njiani, iwe kwenye DAC yenyewe au kwenye pawa ampu.

Nimesikia volyumu ya dijitali inaharibu muziki. Ni kweli?

Ilikuwa kweli zaidi zamani. Kila unaposhusha desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unapoteza biti moja hivi, yaani tarakimu moja kati ya zile zinazobeba sauti. Kule kushusha mara ishirini tulikokutaja ni desibeli 26, yaani biti nne na kitu. Mashine inayohesabu kwa biti 16 tu itabaki na kama 12, na hapo kwenye sehemu tulivu za ala utaanza kusikia ukavu. DAC za sasa huhesabu kwa biti 24 au 32, na muziki wa CD una biti 16, kwa hivyo kuna nafasi ya kushusha sana kabla hujagusa muziki wenyewe. Lisikunyime usingizi.

Nina santuri za bibi, za taarab, na nimenunua pleya. Sauti ni ndogo kama ya mbu. Hapa nahitaji priamp?

Hapa ndiyo. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye santuri za familia alielewe, maana zile santuri hazirudi tena zikiharibiwa kwa kukisia.

Sindano ya kawaida, aina ya sumaku inayotembea, hutoa milivolti 3 hadi 5. CD hutoa volti 2. Tofauti yake ni mara mia nne au zaidi. Sindano za koili inayotembea hutoa chini ya hapo, hata milivolti 0.3 tu.

Lakini udogo ni nusu tu ya jambo. Santuri haikukatwa kwa sauti ilivyo. Besi ingekatwa kwa nguvu zake zote, mfereji ungekuwa mpana mno na wimbo usingeenea kwenye sahani. Trebo ingeachwa kama ilivyo, ingezama kwenye mkwaruzo wa sindano. Kwa hivyo wakati wa kukata wanapunguza besi na kuongeza trebo, kwa kipimo kinachoitwa RIAA ambacho kampuni za santuri zilianza kukubaliana juu yake mwaka 1954. Priamp ya santuri hurudisha kila kitu mahali pake: kwenye hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde, yaani besi ya chini) inainua karibu desibeli 20, na kwenye hezi 20,000 inashusha kiasi hicho hicho. Bila kazi hiyo, hata ukipata mashine yenye nguvu namna gani, dumbaki itasikika kama kopo na fidla itachoma masikio.

Kabla ya kununua, angalia mambo mawili. Je, amplifaya yako ina matundu ya PHONO? Za zamani nyingi zinayo, na humo ndimo priamp ya santuri ilimo. Je, pleya yako ina swichi ya PHONO na LINE nyuma yake? Kama ipo, priamp imo ndani ya pleya: iweke LINE na uchomeke kwenye AUX. Ikiwa yote mawili hayapo, nunua kisanduku kidogo cha santuri. Kidogo, cha kazi hiyo moja. Huna haja ya priamp kubwa ya vifungo kumi.

Usitumie zote mbili kwa pamoja, priamp ya pleya na matundu ya PHONO. Sauti itapasuka vibaya. Na CD isichomekwe kwenye PHONO kamwe.

Santuri zenye kasi ya 78, zile nzito zinazovunjika, nyingi zilikatwa kabla ya makubaliano hayo na zinataka sindano pana zaidi. Ukiwa nazo, zihifadhi na umtafute anayezijua kabla hujaziweka chini ya sindano yoyote.

Na kaseti?

Hazihitaji. Deki ya kaseti ina saketi yake ya kukuza ndani na hutoa ishara kamili. Ichomeke kwenye TAPE au AUX. Kama kaseti zako za Juma Bhalo au Zein l'Abdin zinasikika zimefifia, safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, kisha mwite fundi akipange kichwa sawa. Trebo iliyopotea kwa kichwa kilichopinda hairudishwi na priamp yoyote duniani.

Ami ameniletea priamp na pawa ampu kutoka Japani, zimeandikwa 100V. Nichomeke tu?

Usichomeke! Umeme wetu ni volti 240. Utakuwa umeilisha mashine karibu mara mbili na nusu ya chakula chake, na transfoma au kapasita zitaungua kabla hujasikia noti moja.

Unahitaji transfoma ya kushusha kutoka 240 hadi 100. Angalia neno hilo: 100, wala si 110 wala 120. Zile za 110 ndizo zimejaa madukani, na mashine ya Japani itaishi nazo ikiwa moto kuliko ilivyokusudiwa; kwa mashine ya miaka arobaini, na joto la Mombasa la Februari, mimi sipendi. Soma nyuma ya mashine inakula wati ngapi, kisha uchukue transfoma yenye uwezo wa mara moja na nusu yake au zaidi. Priamp hula kidogo sana, pawa ampu ndiyo mlaji. Iweke transfoma mbali na priamp na pleya ya santuri, nusu mita au zaidi, kwa sababu sumaku yake huingiza mvumo.

Kuhusu hezi, usiwe na shaka: Japani yenyewe ina zote mbili, 50 upande wa Tokyo na 60 upande wa Osaka, kwa hivyo mashine zao hutengenezwa zikubali zote. Za Marekani za volti 120 zimeandikwa 60 tu, na baadhi hupata joto zaidi kwetu.

Redio zao zina kasoro nyingine. FM ya Japani ya zamani inaanzia megahezi 76 na kuishia 90. Stesheni zetu zinafika 108. Ami akikuletea resiva nzuri ya kule, jua unanunua amplifaya, redio uihesabu kama haipo.

Nina ampu ya kupigia harusi. Naweza kuitumia sebuleni bila priamp?

Mara nyingi ndiyo. Ampu hizo zina vifungo vya kupunguza mbele, kimoja kwa kila upande. Vishushe, unganisha chanzo, panda polepole. Kama unayo miksa ndogo ya harusini, hiyo yenyewe ni priamp: inachagua, inakuza, inashusha. Tatizo utakalolipata ni feni. Ukumbini haisikiki, lakini ukisikiliza udi peke yake saa nne usiku itakusumbua kuliko unavyodhani.

Kuna watu wanatumia kisanduku chenye volyumu tupu, hakichomekwi hata umeme. Kinafaa?

Kinafaa, na kwa mwenye chanzo kimoja au viwili ndicho ninachopendekeza kwanza. Sharti lake ni moja: omu za volyumu ziendane na urefu wa waya.

Chukua ishara kama maji ya tangi yanayopita kwenye mpira. Volyumu ni mahali ulipoubana mpira, na waya mrefu ni mpira mrefu unaotakiwa kujazwa kwanza. Ukiubana sana na mpira ukawa mrefu, matone ya haraka, yaani trebo, hayafiki. Kwa tarakimu: volyumu ya omu 10,000 na waya wa mita moja hazipotezi kitu unachoweza kusikia. Hata waya wa mita kumi bado ni salama. Lakini volyumu ya omu 100,000 na waya wa mita kumi inaweza kuanza kukata trebo karibu na hezi 6,400, na hapo sauti ya mwimbaji inapoteza pumzi yake.

Kwa hivyo mwenye mashine sebuleni na spika barazani asirefushe waya wa ishara. Aweke pawa ampu karibu na volyumu, arefushe waya wa spika, ule mnene. Ikibidi waya wa ishara ndio uwe mrefu, priamp yenye umeme wake ina sababu.

Spika zangu zina umeme wake zenyewe. Nahitaji nini?

Volyumu tu, na pengine unayo kwenye spika.

Nataka kuongeza sabufa.

Kama sabufa ina vishikio vya waya za spika, unganisha kutoka kwenye vishikio vya spika vya amplifaya kufuata kitabu chake, na huhitaji kitu. Kama ina tundu la ishara tu, tafuta PRE OUT kwenye amplifaya. Priamp ya peke yake isinunuliwe kwa ajili ya sabufa.

Nimeongeza priamp na sasa kuna mvumo ambao haukuwepo.

Ni mvumo wa hezi 50 na wenzake, na karibu kila mara ni athi (waya wa ardhini) iliyokutana mara mbili: mashine mbili zenye athi ya ukutani, au waya wa dishi la televisheni. Chomoa vyanzo kimoja kimoja mpaka unyamaze. Ukinyamaza ulipochomoa waya wa dishi, umempata mkosaji. Tafuta kitenganishi cha waya huo. Mashine zote zichomeke kwenye soketi moja ndefu. Usikate waya wa athi kwenye plagi, hata fundi akikwambia. Waya huo ndio unaokutenganisha na umeme mashine ikiharibika ndani.

Lakini rafiki yangu ana priamp na ninasikia tofauti kwa masikio yangu!

Nakuamini kwamba unaisikia. Swali ni tofauti ya nini. Sikio la binadamu likisikia nyimbo mbili zilizo sawa, moja ikiwa juu kidogo tu, litaichagua ile ya juu na kuiita "safi zaidi" au "ina mwili". Priamp inayokuza kidogo huleta hilo bila ya wewe kugusa kitu.

Jaribu hivi. Tafuta sauti ya majaribio ya hezi 50 kwenye simu. Icheze kwa sauti ya wastani na upime volti za AC kwenye vishikio vya spika kwa mita ya kawaida ya fundi. Mita hizo ni sahihi zaidi hapo hapo kwenye hezi 50. Pima ukiwa na priamp, pima bila priamp, sawazisha mpaka tofauti iwe chini ya asilimia moja. Sasa weka wimbo unaoujua kwa moyo, mwambie mtu abadilishe waya huku umegeuka, na usimwulize ameweka ipi. Fanya mara kumi. Ukipatia tisa au kumi, inunue kwa amani. Ukipatia tano au sita, pesa hiyo ipeleke kwenye spika, au kwenye kubadilisha foamu za pembezoni za spika ulizonazo. Unyevu wetu huzila, na nyumba nyingi za hapa zinasikiliza spika zilizooza bila kujua.

Nimeamua, nahitaji kweli. Nikague nini?

Volti za ukutani ziwe 240, au upange transfoma. Itoe volti 2 bila kupasuka. Omu zake za kutokea ziwe chini ya moja ya kumi ya omu za kuingilia za pawa ampu. Matundu yawe ya kutosha kwa vyanzo ulivyonavyo leo. Kama ni ya mtumba, izungushe volyumu taratibu huku spika zimewashwa, pande zote mbili zipande sawa tangu chini kabisa.

Ukiifunga, washa priamp kwanza, hesabu hadi thelathini, kisha pawa ampu. Kuzima ni kinyume: pawa ampu kwanza, kisha priamp. Na stima ikipotea, usisubiri irudi ndipo ukumbuke. Inuka gizani uzime swichi ya pawa ampu, maana stima ikirudi mashine zote zitawaka kwa pamoja na kishindo cha priamp kitakwenda moja kwa moja kwenye wufa, ile spika ya besi.